Kumwigiza Babu Mbele ya Mjane Wake

Uso wangu ulizaliwa umestaafu. Nilipokuwa bado sijaota ndevu za kueleweka, mwalimu wetu wa jukwaa kule Kinshasa alinisimamisha mbele ya darasa, akanizunguka kama mama wa sokoni anayezunguka samaki asiyejulikana kavuliwa lini, kisha akasema, "Wewe utakuwa wazee." Hakusema nitaigiza wazee. Alisema nitakuwa wazee, tena kwa wingi, kama hakimu anayesoma hukumu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Wenzangu wenye mashavu ya kupendeza walipewa wafalme vijana na wapenzi wanaokufa kwa upanga. Mimi nilipewa baba wa mfalme, mshauri wa mfalme, bahili wa mtaa, daktari mwongo, na yule mtumishi mkongwe anayeingia mwishoni akihema ili atuambie kwamba watu wote wazuri wamefia nje, mahali ambapo watazamaji hawaoni. Kila jioni nilizeeka kwa unga na mkaa, nikarudi ujanani kwa kunawa.

Elimu yenyewe ilikuwa ya kale. Tulikariri mashairi ya Kifaransa, kila mstari umekatwa katikati kama mkate. Mwalimu alitutia kalamu kati ya meno ili ulimi ujifunze adabu. Malkia mmoja katika michezo ile alikufa ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna aliyemletea hata maji. Siku moja niliuliza kwa nini wafalme hawa hawali. Mchezo unaanza mpaka unakwisha, hakuna anayetaja njaa. Mwalimu alisema njaa ni jambo la vichekesho, si la misiba. Hapo nikajua kwamba hajawahi kulala matanga mjini kwetu Baraka, kando ya ziwa.

Lakini kitu kimoja alichosema nilikishika. Alisema mzee haigizwi kwa mgongo uliopinda na sauti ya mbuzi. "Hakuna wazee," alisema, "kuna mzee huyu na mzee yule. Mtafute huyu." Sikwenda mbali. Nilimchukua babu yangu mzaa baba, mvuvi mstaafu, nikamwingiza katika michezo yote bila kumwomba ruhusa. Mshauri wa mfalme, kabla ya kukaa, alikitazama kiti kwa mashaka kama kwamba kiliwahi kumtukana: huyo alikuwa babu. Bahili, alipoulizwa swali gumu, alifuta kwanza jicho la kushoto ambalo halikuwa na kitu: huyo alikuwa babu. Kinshasa nzima, au tuseme ile sehemu ndogo ya Kinshasa inayokwenda kutazama michezo ya wanafunzi, ilimpigia makofi mvuvi ambaye hakuwahi kufika huko.

Nilipomaliza nilirudi Baraka, maana Kinshasa ina waigizaji wengi kuliko viti. Baba alinipokea kwa swali.

"Sasa ile diplome inafanya kazi gani?"

"Ya kuigiza, Papa."

"Batu yote banaigiza. Ule nabii wa pale barabarani, yeye alisoma wapi?"

Nikaikunja diplome, nikairudisha mfukoni.

Kazi hata hivyo ilipatikana, kwa sababu mashirika yanapenda michezo. Ukitaka watu wa Fizi wanawe mikono, unaleta mzee asiyenawa. Ukitaka wavuvi waache kuvua kwa chandarua cha mbu, unaleta mzee anayevua kwa chandarua cha mbu. Ukitaka wasichana wasome, unaleta mzee anayesema msichana akisoma sana ugali unaungua. Mzee huyo ni mimi. Kila mchezo uliishia kwa mzee kutubu, muuguzi mrembo akamshika mkono, wote wakaimba. Nimetubu Baraka, nimetubu Fizi, nimetubu Lweba kwenye mvua. Sijui mlokole aliyetubu kama mimi.

Mara moja tulipanda milimani Minembwe kwa mchezo wa amani kati ya wafugaji wa huko na sisi watu wa ziwani. Aliyeuandika alifikiri ni busara mimi nicheze mzee mfugaji wa kule juu, na mwigizaji wa kule juu acheze mzee mvuvi wa huku ziwani. Katika mazoezi kila mmoja aliogopa kumkosea mwenzake, tukaheshimiana mpaka mchezo ukapoa kama uji uliosahauliwa. Siku yenyewe yule mwenzangu, bila kuniambia, aliamua kuanguka kutoka kwenye mtumbwi ambao haukuwapo. Akaogelea uwanjani, akapoteza kofia, akaipigia kofia ile mbizi. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mimi na fimbo yangu ya ng'ombe tulibaki pembeni kama mzigo ulioachwa na pikipiki. Amani ya siku hiyo, kama ilikuwapo, aliileta yeye.

Shida ya kucheza watu wabaya katika mji mdogo ni kwamba watazamaji hawakuachi jukwaani. Sokoni Baraka, mama mmoja anayeuza ndagala alinizuia mkono.

"We mubaya! Ule binti yako alisharudia masomo?"

"Mama, ile ilikuwa mchezo."

"Mchezo na ile sura? Nawa kwanza, njo ushike samaki yangu."

Nilikwenda nikanawa. Ningefanyaje? Ndiye alikuwa na ndagala nzuri.

Kisha babu akafa.

Hakufa kwa ajabu yoyote. Aliugua, akapona, akasifiwa kwa kupona, akafa. Nasema hivi kwa sababu kwenye matanga kila mgeni alitaka kuwe na sababu, na mimi nilikuwa naulizwa kama msomi wa ukoo. Nilijibu kwamba alikuwa mzee. Jibu hilo halikumridhisha mtu. Kwetu uzee ni hali, si sababu.

Babu alikuwa na tabia moja iliyojulikana Baraka nzima: hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Umwombe wavu, umwombe binti, umwulize kama mvua itanyesha, alifuta jicho lake kavu akasema, "Tutaangalia." Watu walikuwa wanakuja kumwuliza mambo ya kijinga ili tu walisikie neno hilo. Mtu mmoja alimwuliza kama yeye ni mzima. Tutaangalia.

Aliyeumia kwa neno hilo ni bibi yangu, mke wake. Yeye ni mzaliwa wa Ubwari, ile rasi ndefu ng'ambo ya maji, ambayo asubuhi za mwanga mzuri unaiona kutoka ufukwe wa Baraka kama mtu aliyelala kiubavu. Aliolewa akiwa msichana, akavushwa kwa mtumbwi, na tangu hapo kila alipoomba kwenda kukaa kwao kidogo, hata msimu mmoja, aliambiwa tutaangalia. Alikuwa anakwenda kuzika tu na kurudi. Kaka yake wa mwisho bado anaishi huko. Katika siku za matanga bibi alisema jambo moja tu, akalirudia kwa kila aliyekaa mkekani pake: sasa anakwenda Ubwari, atafia kwao.

Baba mkubwa, kaka wa baba yangu na mtoto wa kwanza wa babu, alikataa. Si mtu mbaya. Ana sauti ya kikao na tumbo la kikao, na alishamtayarishia mama yake chumba nyuma ya nyumba yake, chenye saruji na dirisha. Alieleza msimamo wake mbele ya ukoo wote, chini ya turubai.

"Mama ni muke wa hapa. Bwana njo alimuleta, bwana njo anaweza kumuachilia. Na bwana amekufa. Nani sasa atamuachilia? Mi mutoto naweza kuachilia mama yangu? Batu batasema bana wake balimufukuza."

Nilimwuliza kwa nini ruhusa ya mtu aliyekufa iwe na nguvu kuliko matakwa ya mtu aliye hai.

"Njo iko vile," alisema, yaani ndivyo ilivyo.

"Lakini Baba Mukubwa, nani aliamua iwe vile?"

"Kinshasa ilikuharibu," alisema, na kikao kikaisha kwa kauli hiyo, maana wengi walikubaliana nayo.

Bibi hakubishana. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na wakwe zake. Ila niliona kwamba tangu hapo hakula tena vizuri. Alipelekewa sahani, akaigusa, akampa mtoto wa jirani. Bamama, yaani akina mama, walisema ni huzuni ya mume. Labda. Mimi nilikuwa na wasiwasi kwamba anajikausha makusudi, kama mtu anayegoma, na kwamba mgomo huo hauna mwenye kiwanda wa kuusikia.

Hapa inanibidi nieleze kidogo mambo yetu, kwa sababu ndipo kazi yangu ilipoingilia. Kwetu mjukuu si mtoto mbele ya babu yake. Ni mwenzake, karibu mpinzani wake. Bibi anamwita mjukuu bwana yangu, babu analalamika kwamba mjukuu anamnyemelea mke. Kwa hiyo, siku ya mwisho ya matanga, kabla watu hawajatawanyika, mjukuu mmoja anavaa nguo za marehemu. Anakalia kiti chake, anaagiza, anatukana, anaombwa radhi, na tangu asubuhi mpaka jua litue anaitwa kama marehemu alivyoitwa. Anachosema siku hiyo hakitozwi faini. Jua likitua anavuliwa nguo, na anarudi kuwa mtoto wa watu.

Kwa kawaida wanagombea. Safari hii hakuna aliyegombea. Binamu zangu wote walinitazama.

"Si we ulisomea?" alisema mmoja.

"Leo tutaona kama ile masomo ilikuwa masomo," alisema mwingine.

Kinshasa nilimwigiza babu mbele ya watu wasiomjua, na hapo kila mtu ni fundi. Sasa nilitakiwa kumwigiza mbele ya watu waliokula naye, waliomdai, waliomwogopa, na mbele ya mwanamke aliyelala kando yake maisha yake yote. Hakuna mtahini wa namna hiyo katika chuo chochote.

Bibi mwenyewe alinivika. Aliniingiza chumbani mwao, akanipa koti la kahawia, kofia ya sufi na kandambili za plastiki zilizolika upande mmoja. Akarudi nyuma hatua moja, akanitazama.

"Bega," alisema. "Ile ya kuume alikuwa nashusha. Ju ya kasia."

Nikashusha bega la mpiga kasia.

"Usishushe sana. Hakukuwa kilema."

Nikapandisha kidogo. Akanifunga kifungo cha juu, akakifungua, akakifunga tena. Nikafikiri atalia. Hakulia. Alisema, "Tumbo yako ni mingi. Yeye alikuwa mukavu. Vuta ndani."

Niliigizishwa na watu wenye vyeti, lakini hakuna aliyewahi kunishughulikia kwa ukatili ule.

Nilipotoka uani nilifanya kosa la chuo. Nilipaza sauti. Nilisimama kama baba wa mfalme, nikawasalimu watu kwa kifua kizima, na sauti ikafika mpaka kwa waliokuwa wanapika. Kisha mama mmoja akauliza jirani yake, bila kujali kama nasikia:

"Huyu ni mwenye kufa ama ni mhubiri?"

Wakacheka, na walinicheka mimi, si babu. Kuna tofauti kubwa, na mwigizaji anaisikia mgongoni. Basi nikanyamaza. Nikatembea polepole mpaka kwenye kiti chake cha mbao, nikasimama mbele yake. Nikakitazama. Nikakitazama tena upande wa nyuma. Nikakigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayemgusa mbwa wa wenyewe. Ndipo nikakaa, kwa kuchelewa, nikiwa tayari kuruka.

Ua lote lililipuka. Mama yule aliyeniita mhubiri alijipiga mapaja akasema, "Eh! Amerudi! Mzee amerudi!" Na katikati ya kicheko kile nikasikia wengine wanalia, kilio cha kweli, na mara wakachanganyika mpaka sikujua nani anafanya lipi. Katika mashairi yale ya Kinshasa ilikuwa marufuku kuchanganya. Sasa najiuliza nani aliwakataza, na kama aliwahi kufiwa.

Baada ya hapo siku ilikwenda yenyewe. Niliagiza chai, nikasema haina sukari, nikaletewa yenye sukari, nikasema ina sukari nyingi. Niliwaita wajane watatu wa jirani mmoja mmoja nikawauliza nani anawapikia. Kijana mmoja aliyemposa shangazi yangu zamani akaachwa akingoja alikuja kupiga magoti, naye sasa ana mvi, akauliza kama jibu limepatikana. Nikafuta jicho la kushoto.

"Tutaangalia," nikasema.

Nilifikiri turubai litaanguka.

Ndipo baba mkubwa, kwa furaha au kwa akili, akajitokeza. Alisimama katikati, kofia mkononi, akijifanya mtoto mdogo.

"Baba," alisema, "ju batu yote iko hapa, sema basi. Ile shamba ya michikichi ya Lweba, uliachia nani?"

Watu wakapiga makofi, maana aliigiza vizuri. Mimi nikasema tutaangalia. Akarudia, akicheka, lakini macho yake hayakucheka. Baba yangu, ambaye ndiye hulima shamba lile, alikuwa ameketi nyuma na kikombe chake, akatazama ndani ya kikombe. Baba mkubwa alirudia mara nyingine, na bamama wakaanza kumsaidia: "Mujibu mutoto! Mujibu!" Nikataka tuendelee na mambo mengine.

"We si wa kwanza?" nikasema. "Lima, na uache kelele."

Akashangiliwa. Akazunguka akiwashika watu mikono. "Mumesikia? Baba amesema! Mushuhuda ni nyinyi yote!" Nilidhani ni utani. Alipokaa nikaona hakuwa anatania.

Jua lilikuwa limeshuka, lakini bado halijatua, bibi yangu aliposimama. Alikuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Alijifunga kitenge upya kiunoni, akaja mpaka mbele ya kiti, hakupiga magoti.

"Bwana yangu," alisema.

"Muke yangu," nikasema.

"Tangu niko musichana nilikuwa nakuuliza neno moja. Nilikuwa nakuuliza nini?"

Sikuhitaji kujibu. "Ubwari!" walisema bamama.

"Na we ulikuwa nanijibu nini?"

"Tutaangalia!" Ua zima, kwa sauti moja, kama kanisa linaloitikia.

"Leo," alisema bibi, "sitaki tuangalie. Tumeshaangalia. Nijibu."

Wakati huo nilijua wazi kila kitu kilichokuwa kimesimama mbele yangu. Mkono wangu ulikuwa tayari unapanda kwenye jicho la kushoto. Watu walikuwa wameshafungua vinywa. Kicheko kilikuwa kimeiva, kilikuwa kinangoja kupakuliwa tu, na kingekuwa kikubwa kuliko vyote vya siku ile. Na ndilo lingekuwa jibu sahihi. Kwa mafunzo yote niliyopata, kwa kila kanuni ya kumheshimu mtu unayemcheza, babu angesema tutaangalia. Hana jibu lingine. Kusema kitu kingine ni kumcheza vibaya, ni kumtilia kinywani neno ambalo hakuwahi kuwa nalo.

Bibi alikuwa ananitazama. Hakunitazama mimi, mjukuu wake aliyeshindwa kuvuta tumbo. Alimtazama yule mwingine, kwa hasira ya zamani sana, na kwa kitu kingine ambacho sina ujasiri wa kukipa jina. Mikono yake ilikuwa imekamata ncha za kitenge. Nikaona vifundo vya mikono yake vimekuwa vikubwa kuliko vidole. Alikuwa hali chakula. Chumba chenye saruji kilikuwa kinamngoja.

Nikashusha mkono.

"Enda," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Amesema nini?"

"Sijasikia," alisema bibi.

"Enda kwenu. Ubwari. Mi njo nilikuleta, mi njo nakuachilia. Umenipikia inatosha."

Bibi alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea chenji iliyo sahihi, akageuka kwenda kwenye mkeka wake. Alipofika akaomba ugali.

Baba mkubwa alikuwa ameshasimama. Sauti ya kikao ilikuwa imerudi. "Batu yangu, tusikilizane. Ile ni muchezo. Mutoto anachekesha batu. Hatuwezi kupima neno ya ukoo na muchezo."

Bibi alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Iko muchezo?"

"Muchezo, Mama."

"Yote?"

"Yote, Mama. Tangu asubui."

"Basi na shamba ya Lweba iko muchezo."

Baba mkubwa aligeuka. Aliwatazama watu ambao muda mfupi uliopita aliwafanya mashahidi, nao walikuwa wanamtazama kwa uso wa mashahidi. Baba yangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alionyesha kupendezwa na sanaa ya maigizo: aliweka kikombe chini.

"Mi nauliza tu," aliendelea bibi, akivunja tonge. "Kama alikuwa bwana yangu wakati anakupa shamba, na wakati ananijibu mi, njo alikuwa mutoto, alibadilika saa ngapi? Nilikuwa pale. Sikumuona akibadilika."

Mama wa ile kauli ya mhubiri alicheka kwanza. Kisha kicheko kikapita chini ya turubai kutoka mkeka hadi mkeka, na hicho sasa kilikuwa cha bibi peke yake. Baba mkubwa alijaribu kusema tena neno kuhusu aibu na majirani. Majirani ndio waliokuwa wanacheka. Akakaa. Baada ya muda alisema, bila kumtazama mtu, "Batamupeleka na nini? Maji iko mubaya siku hizi." Na kila mtu akaelewa kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu mtu anayeuliza usafiri ameshakubali safari.

Jua lilipotua walinivua koti, wakanimwagia maji kichwani kama desturi ilivyo, wakaniita tena kwa jina langu. Nilikuwa nimechoka vibaya. Nilimfuata bibi jikoni, nikamwuliza kama alilipanga jambo lile; kama aliponivika asubuhi alikuwa ameshajua.

"Nilijua nini? Mi nilijua unaweza kutembea sawa yeye?"

"Bibi, nijibu."

"Ulikosea bega mara mbili," alisema. "Pale ulikuwa nashika chai, na pale ulikuwa naongea na bale bajane ya jirani."

Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Alisafiri baada ya wiki si nyingi, maji yalipotulia. Baba mkubwa mwenyewe alibeba godoro lake kichwani mpaka ufukweni, akaingia majini na suruali yake ya kikao kulipakia kwenye boti. Shamba la Lweba ni lake, na baba yangu anamwambia kila mtu kwamba alilipoteza kwa diplome yangu. Kuhusu kazi, nimeitwa matanga mengine mawili na familia ambazo si za kwetu, wanataka nimvae marehemu wao. Nimekataa. Mimi si mjukuu wao, na sasa najua nguo zile zinaweza kusema nini.

Je, nilimcheza babu vizuri? Wenzangu wa chuo niliowasimulia wamegawanyika. Mmoja alisema nilivunja mhusika wakati muhimu kabisa, na kwa hilo mwalimu angenipa sifuri. Anaweza kuwa sahihi. Mimi siamini kwamba babu ananiona, kwa hiyo siwezi kumwomba radhi wala kujitapa mbele yake. Ninachojua ni kwamba siku moja katika kazi hii mzee wangu hakutubu, hakushikwa mkono na muuguzi, na bado mtu fulani alikula.

Ubwari mtandao haushiki mpaka upande mlimani. Bibi alimtuma mtoto wa kaka yake ampandishe, akanipigia. Hakuuliza habari zangu. Alisema kaka yake anakoroma kama injini ya boti. Alisema wanawake wa siku hizi wa huko hawajui kuanika samaki, wanawarundika. Alisema nyumba inavuja upande wa kichwa, kwaya ya kanisa ni ya makelele, na njia ya kwenda majini imekuwa ndefu kuliko zamani, hajui nani aliivuta. Aliendelea hivyo mpaka nikasikia mtoto aliyempandisha anaomba warudi.

"Bibi," nikasema, "basi nikuje kukuchukua?"

Akanikatia simu.